Baada ya ba, be, bi, bo, bu

Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosomeka kwa urahisi mkubwa. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake moja, iwe mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Konsonanti nyingi nazo haziyumbi. Mtoto akizishika irabu hizo pamoja na b, k, l, m na t, tayari anaweza kusoma baba, mama, kuku, bata, kalamu, kitabu, mkeka, mkate, mtama na kabati. Herufi kumi tu. Mwenzake anayejifunza Kiingereza akiwa na herufi kumi bado yuko mlangoni, kwa kuwa a ya Kiingereza hutamkwa hivi katika neno hili na vile katika neno lile, na kila kanuni ina vighairi vyake.

Tofauti hii imepimwa. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa mwaka wa kwanza wanaosoma kwa lugha mbalimbali za Ulaya. Watoto wa Finland, Ugiriki na Ujerumani walisoma kwa usahihi zaidi ya asilimia 95 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Wa Scotland, wanaosoma kwa Kiingereza, walipata asilimia 34. Kwa tahajia yake Kiswahili kinakaa upande wa Kifini. Mtoto anayeingia darasa la kwanza Januari pale Mombo, wilayani Korogwe, au Mkata, wilayani Handeni, angetazamiwa awe msomaji ifikapo Desemba, bila muujiza wowote.

Kilichokutwa ni kingine. Uwezo, mpango wa shirika la Twaweza wa kuwapima watoto nyumba kwa nyumba, ulipotoa ripoti yake ya kwanza ya Tanzania mwaka 2010, watoto kama watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mmoja kati ya watano waliokuwa wakimaliza darasa la saba hakuiweza hadithi ya kiwango hichohicho. Oktoba 2013 upimaji wa kitaifa wa darasa la pili ulikuta wastani wa maneno 18 kwa dakika, na waliosoma na kuelewa vya kutosha hawakufika mmoja kati ya kumi. Baadaye likawekwa lengo la maneno 50. Kwa mwendo wa maneno 18 mtoto akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake, kwa hiyo hata akitamka kila neno sawasawa hana cha kueleza akiulizwa amesoma nini.

Maelezo ya kawaida tunayajua: madarasa yamefurika, vitabu haba, watoto wanakuja na njaa, wazazi hawajali. Yote yana ukweli, la mwisho dogo kuliko yote. Lakini hayaelezi kwa nini mtoto anaweza kuimba ba, be, bi, bo, bu na wenzake bila kukosea hata mara moja, kisha akioneshwa neno "bibi" peke yake akabaki kukutazama usoni. Mtoto huyo amefundishwa, na amehudhuria. Ninachokiona mimi ni kwamba katika madarasa yetu mengi ya mwanzo linalosoma ni darasa. Mtoto mmoja mmoja hasomi, wala hakuna anayemsikiliza aone kama anasoma. Majaribio yaliyowahi kufanyika katika ukanda huu yakisomwa pamoja yanaelekeza hukohuko, ingawa kila moja lilianzishwa kwa sababu nyingine kabisa.

Ili kuyaona haya kwa karibu, wilaya za Handeni na Korogwe zinafaa kutazamwa pamoja kwa sababu ni majirani wa mkoa mmoja, Tanga, wenye hali mbili. Korogwe imekaa kando ya Mto Pangani na reli ya kwenda Moshi, ina mashamba ya mkonge huku Mnyuzi, Hale, Magoma na Mazinde, ina vijiji vya milimani kama Bungu na Vugiri, na ina chuo cha ualimu cha serikali. Handeni ni nchi kavu zaidi, ya mahindi na mifugo, vijiji vimetawanyika na maji ni ya kuhangaikia. Mtoto wa miaka sita anayetembea kilomita kadhaa hadi shule anaanza kuhudhuria kwa ukamilifu akishapata nguvu za miguu, na ndiyo maana shule shikizi, zile ndogo za karibu na makazi, zimekuwa na maana kubwa huko kuliko mjini Korogwe.

Kwa lugha nako kuna mchanganyiko. Handeni ni kwa Wazigua, Korogwe ya milimani ni ya Wasambaa, na kwenye mkonge kuna wajukuu wa vibarua waliotoka kila pembe ya nchi, ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya nyumbani. Kuanzia Juni 2022 familia za Kimaasai kutoka Ngorongoro zilianza kufika Msomera, wilayani Handeni. Mwalimu mmoja wa darasa la kwanza huenda ana makundi mawili au matatu ya namna hiyo mbele yake, na kitabu ni kimoja.

Kuna jambo la kiutawala nalo lisipite hivihivi. Katika muongo uliopita miradi miwili mikubwa ya kusoma iliipita Tanga pembeni: EQUIP-Tanzania wa Waingereza, ulioanza 2014, na Tusome Pamoja wa Wamarekani, uliofanya kazi Iringa, Morogoro, Mtwara, Ruvuma na Zanzibar kuanzia 2016 hadi 2021. Handeni na Korogwe zilipata kilichokuwa cha taifa zima, yaani mafunzo ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa walimu wa darasa la kwanza na la pili, na mtaala wa 2015 uliozipa stadi hizo sehemu kubwa ya muda wa madarasa hayo. Tanga iliingizwa katika mradi mkubwa wa aina hii ilipotajwa miongoni mwa mikoa tisa ya Shule Bora, ambao nao unafadhiliwa na Uingereza. Katikati ya pengo hilo, hata hivyo, ardhi ya Tanga ilitumika kwa majaribio mawili ambayo dunia ya elimu bado inayazungumza. Nitayafikia.

Kwanza njia yenyewe. Waliosoma zamani walianza na majina ya herufi: a, be, che, de. Ubaya wake unajulikana. Mtoto akiambiwa aunganishe "be" na "a" atasema "bea", na ana haki, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Njia ya silabi inalikwepa tatizo hilo kwa kuanzia ba moja kwa moja, na inakifaa Kiswahili kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Mafunzo ya KKK ya miaka ya karibuni yanataka mwalimu aanze na sauti ya herufi, b iliyokatwa fupi, kisha aiunganishe na irabu mtoto akisikia sauti mbili zikiwa moja. Walimu wa zamani wanaibeza hii kwamba ni ya Kizungu. Kwa maoni yangu ugomvi huu ni mdogo kuliko unavyokuzwa. Anayejua sauti za herufi na anayejua silabi watakutana ndani ya wiki chache kama kweli wanajua.

Hatari iko kwenye wimbo. Kwa kuwa ba, be, bi, bo, bu huja kwa mpangilio uleule kila siku, mtoto anashika mpangilio na kuziacha herufi. Kiranja anashika fimbo, anagonga ubao, sauti sabini zinapanda pamoja, na mgeni aliyesimama mlangoni anaondoka ameridhika. Andika bu, ba, bo badala ya mpangilio wa kila siku na sauti zinapungua. Waite watoto mmoja mmoja, na hapo ndipo hesabu halisi inapoanza. Jaribio hili halihitaji mfadhili wala fomu, linahitaji chaki.

Ajabu ni kwamba watoto wengi wa Tanga wamekwisha kuonja njia nyingine kabla ya darasa la kwanza. Madrasa, au chuoni kama wanavyosema watu wazima, mtoto anaanza na herufi za Kiarabu pamoja na irabu zake, na hapo pia kuna kukariri kwa sauti. Lakini kwa desturi kila mtoto ana mahali pake alipofikia. Anakwenda mbele ya ustadhi, anasoma kipande chake peke yake, anasahihishwa, akikosa anarudi nacho kesho. Mkubwa anamsikiliza mdogo huku akingoja zamu yake. Kasoro za chuo zinajulikana, ikiwemo bakora, na kubwa zaidi kwa mjadala huu ni kwamba mtoto anaweza kusoma vizuri sana maneno asiyoyaelewa. Hata hivyo suala la kumsikia kila mmoja lilishughulikiwa huko zamani mno, bila bajeti. Mpango wa madrasa wa kulea watoto wadogo ulioanzia Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, na kufika Zanzibar mwaka 1990, ulijengwa juu ya imani ambayo wazazi walikuwa nayo tayari kwa chuo. Shule zetu za msingi hazikupata kujifunza chochote kutoka kwa jirani huyu aliye mita mia mbili.

Turudi kwenye herufi, maana hapa ndipo wengi wanapokwama bila kutambuliwa. Silabi nyepesi, zile za konsonanti moja na irabu moja, ni kama mia moja tu na zinamalizika. Zinazofuata ndizo nzito: ch, dh, gh, ny, sh, th, halafu mb, nd, nj, ng, mv, nz, halafu kw, bw, mw, halafu zenye herufi tatu na zaidi kama mbw, ngw, nyw. Sasa fikiria maneno ambayo mtoto wa Handeni anayaishi: ng'ombe, mbuzi, shamba, nyumba, mvua, njaa, chakula, nguo, ndizi, mbwa. Yote yana silabi nzito. Mtoto anatumia miezi ya kwanza akisoma "kaka ana kiko" na "bibi ana bati", sentensi ambazo hakuna mtu anayezisema, na akikaribia maneno ya kwao mwaka umekwisha au mwalimu ana haraka ya kumaliza mada. Wanaotunga vitabu wana sababu yao ya kuanza na vyepesi. Lakini silabi nzito zikiachiwa Septemba na Oktoba, mtoto anaingia darasa la pili akiwa na nusu ya tahajia ya Kiswahili, na kule anadhaniwa ameshaimaliza yote.

Hata ndani ya silabi hizo kuna mitego ambayo mtu mzima haioni. Katika "mbuzi", mbu ni silabi moja. Katika "mbu" anayeleta malaria, m inasimama peke yake na bu inafuata. M ya "mtoto" ni silabi kamili, ya "mwalimu" siyo. N ya "nchi" inajitegemea, ya "ndizi" haijitegemei. Ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe" zinatofautiana kwa alama ndogo juu ya mstari, ambayo chaki ikiwa butu haionekani kutoka dawati la nyuma. Katie Alcock na Damaris Ngorosho waliwahi kuchunguza makosa ya watoto wanaoandika Kiswahili, na makala yao ya 2003 ilionya tangu kwenye kichwa chake kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya kawaida si kazi ndogo. Imla ya dakika tano ingemwonesha mwalimu mambo hayohayo kila Ijumaa. Mtoto anayeandika "buzi" kwa mbuzi anasema wazi ni kitu gani hajakishika.

Urefu wa maneno nao haufikiriwi sana. "Hawakutuambia" ni neno moja, na ndani yake mna mtendaji, ukanushi, wakati, mtendwa na kitendo. Ndiyo maana nchini Kenya, mradi wa Tusome ulipoanza mwaka 2015, kigezo cha kusoma kwa wepesi kilikuwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Anayemlaumu mtoto wa Korogwe kwa kuwa na maneno machache kwa dakika kuliko mtoto wa nchi nyingine ahesabu kwanza silabi.

Lugha ya nyumbani inagusa haya yote, lakini kwa viwango tofauti, na kwa hili nadhani mjadala wetu umekosa umakini. Mtoto wa Kizigua au Kisambaa anayesema "mazi" kwa maji anakuja na muundo uleule wa silabi, ngeli zinazofanana na za Kiswahili, na maneno mengi yaliyo jamaa. Kizuizi chake ni msamiati na sauti chache kama dh, th na gh, ambazo hata Waswahili wengi wa bara huzitamka z, s na g. Mwalimu mwenye busara hatamwadhibu kwa kusoma "zahabu". Atamwambia inaandikwa hivi, na kusonga mbele. Mtoto wa Kimaasai wa Msomera yuko mbali zaidi. Lugha yake si ya Kibantu, haina f, v wala z, na akisikia "fisi anavuka" anajifunza kwa pamoja sauti, neno, sarufi na herufi. Kumpa mtoto huyu kasi ileile ya silabi anayopewa mtoto wa mtaani Korogwe mjini ni kumwandaa aimbe tu. Anahitaji miezi ya kuzungumza Kiswahili kwanza, na mahali pa miezi hiyo panajulikana: darasa la awali.

Sera ya Elimu ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na kila shule ya msingi ikatakiwa iwe na darasa hilo. Januari 2016 ada na michango ilipoondolewa, watoto walimiminika. Takwimu za serikali za miaka iliyofuata zilionesha kitaifa watoto zaidi ya mia kwa kila mwalimu mwenye sifa wa awali katika shule za umma. Katika shule nyingi za vijijini darasa hilo linashikwa na kijana wa kujitolea anayelipwa na wazazi pale wanapokuwa nacho. Hakuna haja ya kumshushua. Yeye ndiye aliyepo.

Kinachosikitisha zaidi ni kile anachoambiwa afanye. Wazazi wanapima shule kwa daftari. Mtoto akirudi hajaandika kitu, mama anauliza amefundishwa nini leo. Kwa hiyo mwalimu anawaandikisha watoto wa miaka mitano mistari ya a, kurasa kwa kurasa, wakati mikono yao haijakomaa. Kazi ya awali yenye faida kwa kusoma haionekani daftarini. Ni vitendawili na nyimbo zinazochezea sauti, ni kupiga makofi kwa kila silabi ya jina la mtoto, ni kuuliza nani mwenye jina linaloanza kama "sabuni", ni hadithi anayosimuliwa kisha akaisimulia yeye. Anayejua kusikia kwamba "Saidi" na "Salma" huanza sawa ana nusu ya s mkononi. Wazigua na Wasambaa hawana upungufu wa hadithi za sungura na fisi, wala wa vikongwe wa kuzisimulia. EQUIP-Tanzania ilijaribu kitu cha namna hii katika mikoa yake, utayari wa shule wa wiki chache ulioendeshwa na wanakijiji kwa kutumia hadithi, mahali ambapo awali haikuwapo. Tanga ingeweza kuiga bila kungoja mwaliko.

Sasa yale majaribio mawili. La kwanza ni KiuFunza, la Twaweza, lililofanyika mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya kumi, Korogwe ikiwemo. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, moja kwa moja. Shule 70 nyingine hazikupewa ruzuku, lakini mwalimu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, la pili au la tatu atakayefaulu somo, na mwalimu mkuu 1,000. Shule 70 zilipata vyote viwili. Zilizobaki ziliachwa kama zilivyo kwa kulinganisha. Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao walichapisha matokeo mwaka 2019: fedha za ruzuku peke yake hazikuongeza chochote kinachopimika katika kusoma na kuhesabu, ahadi ya malipo peke yake ilileta mabadiliko yasiyo na uhakika, na vyote viwili pamoja vilileta maendeleo ya wazi.

Somo lililochukuliwa na wengi ni kuhusu fedha: wape walimu motisha. Mimi naona kitu kingine ndani yake. Ili kumlipa mwalimu kwa kila mtoto, ilibidi kila mtoto akae mbele ya mtu mzima na kusoma silabi, maneno na sentensi peke yake. Mwalimu akijua Januari kwamba mwishoni mwa mwaka kila jina litaitwa, hawezi kuridhika na kwaya. Vitabu vilivyonunuliwa kwa ruzuku vilikuwa na kazi pale tu ambapo kuna mtu mwenye sababu ya kuvifungua na mtoto wa dawati la mwisho. Kama ingewezekana kupata usikilizaji huo bila shilingi 5,000, ningependelea hivyo, kwa kuwa malipo ya namna hii hukoma mfadhili anapoondoka.

Jaribio la pili lilikuja kwa mbwembwe zaidi. Shindano la kimataifa la XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, kwa watoto karibu 3,000 waliokuwa nje ya shule, UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali zikishirikiana. Umeme ulitoka kwenye paneli za jua. Hapakuwa na mwalimu. Mtoto na kifaa tu, kwa miezi 15. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 washindi walitangazwa kuwa wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni kumi.

Waliofurahi walisema teknolojia imeshinda. Waliokasirika walisema kwamba nusu ya watoto bado hawakuweza kusoma neno. Wote wana haki, ila jambo la kushika ni dogo kuliko hayo. Kishikwambi hakiwezi kusikiliza kwaya. Kinatoa sauti ya herufi, kinangoja kidole cha mtoto huyu, akikosea kinarudia, akipata kinampeleka mbele. Watoto walioonekana kuwa kazi isiyowezekana, wengi wao wasiowahi kusomewa kitabu nyumbani, walisogea kwa sababu kila mmoja alilazimika kujibu yeye. Na walipofikia kusoma aya na kuielewa, pale panapohitaji mtu wa kuuliza "kwa nini sungura alikimbia?", mashine ilikuwa imechoka.

Upande wa pili wa mpaka, Kwale nchini Kenya, mradi wa HALI ulifanya kazi katika shule 101 mwanzoni mwa muongo uliopita, miongoni mwa watoto wa Kidigo na Kiduruma walio ndugu wa watoto wa Mkinga, upande huu wa Tanga. Walimu walipewa maandalio ya masomo yaliyoandikwa karibu neno kwa neno, semina chache, na ujumbe wa simu kila wiki wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Watoto walisoma vizuri zaidi, na utoro wa moja kwa moja ulishuka kutoka asilimia 5.3 hadi 2.1. Hicho cha pili hakikuwa lengo. Inaonekana mtoto anayejiona anasoma haachi shule kirahisi, na mzazi anayemsikia hamtoi akachunge. Gharama yake ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na vishikwambi, na ndiyo sababu, nadhani, hakuna aliyekabidhiwa hundi kubwa jukwaani kwa ajili yake.

Ugumu wa kweli wa haya yote ni hesabu. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Darasa likiwa na watoto 90, kila mmoja ana sekunde 20, hata mwalimu asipofundisha lolote. Kwa hiyo kwaya haikuzaliwa na uvivu. Ni namna ambayo mwalimu mmoja anaweza kuwashika watoto 90 bila fujo. Lakini hesabu hiyohiyo ina upande mwingine. Watoto watano kwa siku, dakika moja kila mmoja, ni dakika tano za kipindi. Watoto 90 wanamalizika kwa siku 18 za shule, chini ya mwezi. Daftari moja lenye majina na safu tano, herufi, silabi, neno, sentensi, aya, linatosha kumwonesha mwalimu kwamba watoto 30 wamekwama kwenye mb na nd, na kwamba hakuna haja ya kurudia ba kesho. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kusikiliza wenzao wadogo robo saa kabla ya mstari. Nimesikia hoja kwamba watawafundisha makosa. Makosa ya darasa la sita yanarekebishika kuliko ukimya.

Kinachozuia zaidi ni mpangilio wa heshima ndani ya shule. Mwalimu hodari hupangwa darasa la saba kwa sababu matokeo ya mtihani hutangazwa, na kwa miaka mingi shule zilipangwa kwa nafasi. Darasa la kwanza hupewa anayekaribia kustaafu au aliyefika jana. Afisa elimu kata akija huomba azimio la kazi na andalio la somo, na mwalimu mwenye vyote viwili yuko salama hata kama nusu ya darasa lake haisomi. Upimaji wa KKK wa darasa la pili upo, lakini unakuja mwishoni mwa mwaka wa pili, na majibu yake humkuta mtoto ameshahamia kwa mwalimu mwingine.

Tangu Januari 2024 limeongezeka jambo jingine. Mtaala mpya umeanzisha Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mtoto wa Kabuku, wilayani Handeni, anayejaribu kushika kwamba e ni e na i ni i sasa anaambiwa, kipindi kinachofuata, kwamba e inaitwa "ii" na i inaitwa "ai". Shule binafsi za Korogwe mjini zimekuwa zikifanya hivyo kwa miaka, na watoto wao huvuka kwa sababu wana vitabu, madarasa madogo na wazazi wa kuwasaidia jioni. Katika darasa la watoto 90 ningeshauri Kiingereza cha mwaka wa kwanza kiwe cha mdomo kabisa, salamu, nyimbo na majina ya vitu, bila herufi ubaoni hadi silabi za Kiswahili zikamilike. Hakuna kinachomzuia mwalimu kufanya hivyo ndani ya muhtasari uliopo, kama mwalimu mkuu wake atamuunga mkono.

Na muda wenyewe unapungua. Sera iliyoboreshwa mwaka 2023 inaifanya shule ya msingi kuwa ya miaka sita. Mtoto aliyefika darasa la tatu hajui kusoma alikuwa na miaka minne mbele yake ya kushtukiwa na mtu, mwalimu wa Kiswahili wa darasa la tano pengine, au kaka aliyerudi likizo. Kwa utaratibu mpya ana mitatu, na katika miaka hiyo masomo yanaongezeka na yote yako vitabuni. Kwa shule za Handeni na Korogwe, mahali pa kuanzia ni Februari ya darasa la kwanza, wiki ya kwanza baada ya ba, be, bi, bo, bu, mwalimu akiita majina matano ya kwanza katika rejesta na kuwapa neno moja moja wasilowahi kuliimba.